Uzi wa Kutoka Dar es Salaam Hadi Tabora

Sogea usikilize, maana najua wewe ni mmoja wa wale walionisimamisha njiani tangu nirudi. Mmoja aliniuliza mlangoni pa kanisa, mwingine sokoni Temeke, mwingine shuleni wakati wa mapumziko, na kila mmoja nimempa kipande tu. Sasa nimekaa niandike yote, toka mwanzo, myasome kwa zamu. Habari za tiketi na vyeti nitaziruka. Ninyi wenyewe ndio mlionisaidia kukipata kiti kile cha ndege, na nawashukuru. Kosa lilikuwa katika hesabu yangu, nami ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nivumilie nikueleze polepole.

TEMEKE: RAMANI NA UZI

Jumanne asubuhi nililetewa darasani simu ya maandishi kutoka Tabora. Aliyeipeleka ni shemeji yangu Luhende, mume wa dada yangu Kabula, ambaye ni karani wa posta kule. Maneno yalikuwa machache: MAMA HOI ANAKUTAJA NJOO UPESI.

Mimi ndiye mwana wake wa kwanza, na wa kiume ni mimi peke yangu. Sikuwa nimemwona kwa miaka minne. Kila likizo nilisema nitakwenda ijayo.

Nilisimama pale na ile karatasi, wanafunzi wakinitazama. Ukutani kulikuwa na ramani kubwa ya Tanganyika. Nikatoa mezani uzi mweupe wa kushonea, nikaushika kwa kidole kimoja juu ya Dar es Salaam na kingine juu ya Tabora, nikaupima kwa rula. Maili mia nne na hamsini na kitu. Ndege zile zenye mashine mbili huenda kiasi cha maili mia na hamsini kwa saa. Nikaandika ubaoni, nikawaacha wanafunzi wagawanye. Jibu: saa tatu. Niliona faraja, nakuambia kweli. Mama yangu alikuwa mbali kwa saa tatu tu, muda wa vipindi vinne na mapumziko.

Ndege ya Jumatano ingeondoka saa mbili asubuhi. Nikaongeza nusu saa ya kusimama Dodoma, kisha saa mbili za kutoka Tabora hadi kijijini kwetu, maili tisa, kwa lori au baiskeli. Nikaongeza tena kidogo kwa usalama. Nikaenda posta nikaandika: NAFIKA KESHO JUMATANO SAA NANE MCHANA. Neno "mchana" nililiandika makusudi, ili karani yeyote asije akachanganya saa zetu na saa za Kizungu. Nilijiona mtu mwangalifu sana.

KIWANJA CHA NDEGE, BARABARA YA PUGU

Jumatano nilifika kiwanjani mapema, nimevaa koti la Jumapili. Mkononi nilikuwa na furushi la ng'onda, samaki wakavu ambao mama alikuwa akiwapenda na ambao Tabora hawapatikani kirahisi. Walitupima kwenye mizani mmoja mmoja na mizigo yetu, kama magunia ya karanga. Bibi mmoja wa Kizungu akafunika pua kwa kitambaa. Karani akanyoosha kidole kwenye furushi langu, nami nikadhani anataka kujua bei, nikamwambia ni zawadi, haliuzwi. Kumbe alikuwa akiliamuru liende nyuma, kwenye mizigo.

Pale kiwanjani anafanya kazi Kondo, jirani yangu wa nyumba ya tatu Temeke. Kazi yake ni kusukuma mapipa ya mafuta ya ndege. Kondo ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Kama wewe si wa makabila haya, ujue kwamba sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipoteremka pwani na mizigo begani. Mzaramo anaweza kunitukana mbele ya mkwe wangu, akanichukulia kofia yangu, akanililia kama maiti ningali hai, nami sina ruhusa ya kukasirika. Dawa ni kumrudishia.

Aliponiona akaangua kicheko. "Jamani, njooni mtazame! Mnyamwezi anapanda eropleni! Babu yako alitembea miezi mitatu na jino la tembo begani, leo wewe unataka kuruka?"

"Babu yangu angalau alivuka mto Ruvu," nikamjibu. "Ninyi Wazaramo mkifika Pugu mnalia mnataka kurudi kwa mama zenu."

"Sie kwetu ni hapa, twende wapi? Nyie ndio mmekuja kufuata nazi." Kisha akainama sikioni. "Ukianguka huko juu, hilo koti nimeshalirithi. Mkeo nimwambie kabisa?"

Tulicheka. Saa mbili ikapita. Karani akatangaza kwamba tutachelewa nusu saa. Baada ya nusu saa akatangaza nusu nyingine. Fundi wa Kizungu alikuwa amepanda ngazi na kuingiza mikono yote miwili katika mashine ya kushoto.

Kiasi cha saa sita Kondo akarudi akisukuma pipa. Akalisimamisha mbele yangu.

"Mnyamwezi, chukua mzigo wako uende stesheni. Hii haiondoki leo. Kuna chuma kimevunjika ndani, kingine kinatoka Nairobi. Gari la moshi la bara linaondoka jioni hii. Nenda."

Nikamtazama usoni. Uso ulikuwa ule ule wa asubuhi, na jasho lake lile lile. Nikasema, "Unakitaka kiti changu, eh? Ukae wewe karibu na mabibi?"

"Mie? Nikae ndani ya bati lile?" Akalisukuma pipa lake hatua tatu, akageuka. "Nenda stesheni, bwana."

"Nenda wewe, umsalimie kondakta!"

Akageuka mara ya pili, akanitazama tena, kisha akaenda zake.

Hapa ndipo ninapotaka ufikiri pamoja nami. Asubuhi nzima mtu huyu alikuwa amenizika na kurithi koti langu. Ningejuaje kwamba neno la saa sita si kama maneno ya saa mbili? Upande mwingine kulikuwa na karani mwenye tai akisema nusu saa, na ubaoni kwangu kulikuwa na jibu: saa tatu. Nilimwamini karani, nikaamini na ubao. Nilikaa kwenye benchi.

Jioni nilisikia filimbi. Reli ya bara inapita karibu na barabara ile, na gari la moshi lilikuwa likivuta pumzi kupanda kuelekea Gongo la Mboto na vilima vya Pugu. Niliuona moshi wake juu ya mikorosho. Haukupita muda karani akatoka bila koti, akasema turudi kesho asubuhi.

KURUDI TEMEKE

Wazungu walichukuliwa na motokaa. Mimi nilirudi kwa miguu, furushi la ng'onda begani, koti mkononi. Nilipokaribia kwangu, jirani yetu Bi Mwajuma alikuwa akikaanga vitumbua barazani. Akasimama na upawa mkononi.

"Mwalimu! Umesharudi? Hee, eropleni kweli kitu kingine! Mgonjwa je, umemwachaje?"

Watu wawili watatu wakasogea wasikie. Nikawaeleza kwamba sijaondoka. Bi Mwajuma akakaa chini, akageuza kitumbua ambacho kilikuwa kimeshaungua.

Mke wangu Ana alinitilia maji ya kuoga. Kisha akasema, "Baba Anjela, si ungepanda gari la moshi? Kondo amepita hapa, ameuliza kama umekwenda stesheni."

"Kondo ni mtani."

"Hakuwa anacheka," akasema Ana.

Nilimwambia asubuhi aende posta kupeleka simu nyingine: NAFIKA LEO ALHAMISI SAA NANE MCHANA. Hesabu ilikuwa ile ile. Nilibadilisha siku tu.

DAR ES SALAAM HADI DODOMA

Alhamisi kile chuma kiliwasili na ndege ya Nairobi kabla ya adhuhuri, wakakifunga, tukaondoka saa tisa alasiri. Mtu akiniuliza kuruka kukoje, humwambia ni kama kukaa ndani ya debe linalopigwa. Niliona minazi ikiwa midogo kama nyasi, kisha Ruvu kama uzi uliodondoka. Nikawaza ule uzi wangu, nikatazama saa. Saa moja na nusu baadaye tulikuwa Dodoma, sawasawa kama nilivyohesabu. Nilifurahi, nikajiandaa kwa nusu ya pili.

Rubani akatoka akatuambia tutalala hapo. Tungefika Tabora giza limeingia, na kiwanja cha kule hakina taa. Sikuwa nimeweka giza katika hesabu yangu. Ubaoni hakuna mchana wala usiku, kuna maili tu.

Nilimwuliza mfanyakazi mmoja wa kiwanja kuhusu gari la moshi. Akasema, "La jana? Limepita hapa asubuhi. Saa hizi liko karibu na Tabora."

Abiria wa Kizungu walipelekwa hotelini, ambako mimi sikuwa na nafasi. Nilikuwa nimesimama chini ya bawa la ndege nikifikiri nilale wapi, ndipo abiria mwenzangu Bwana Kasamali, Mhindi mwenye duka la vitambaa Ilala, aliponiita. Yeye naye hakwenda hotelini.

"Mwalimu, unangoja nini? Mpwa wangu ana nyumba nyuma ya duka lake. Twende."

Walikuwa watu wa Shia, wa sala na adabu. Walitupa kichuri cha mchele na dengu, laini kama uji, na bakuli la mtindi. Bwana Kasamali akaniuliza niendako, nikamweleza. Akaacha kula.

"Umewaambia saa ya kufika?"

"Nimewaambia, mara mbili."

Akatikisa kichwa. "Mimi nikisafiri, nyumbani siwaambii saa. Mke wangu moyo wake mbovu. Nikimwambia saa nane, saa tisa ameshanizika."

Sikuelewa alichokuwa akinifundisha. Nilimwomba mpwa wake anipelekee simu asubuhi posta ikifunguliwa: NAFIKA LEO IJUMAA SAA SITA MCHANA.

DODOMA HADI JUU YA TABORA

Ijumaa tuliruka saa mbili na nusu. Mawingu yalikuwa chini na mvua ilikuwa ikinyesha vipande vipande. Kiasi cha saa nne, kupitia upenyo mmoja wa mawingu, niliona miembe ya misheni yetu imepangwa mistari miwili, na paa la bati la kanisa. Niliona njia nyekundu iendayo kwetu. Nikamshika mkono Bwana Kasamali, nikamwambia, "Pale! Nyumba yetu iko nyuma ya ile miti!" Tulikuwa chini sana. Niliona hata ng'ombe wakikimbia.

Tukazunguka mara moja. Tukazunguka mara ya pili. Kisha pua ya ndege ikainuka, mashine zikanguruma, na miembe ikaingia ndani ya wingu.

Rubani akatuma neno kwamba kiwanja cha Tabora kimejaa maji, magurudumu yangezama. Tunakwenda Mwanza.

Nilisimama. Nilisema kwa sauti kwamba nataka kuteremka. Ndugu yangu, mimi ni mtu mzima, nimefundisha miaka kumi na moja, na nilisema nataka kuteremka. Bwana Kasamali alinivuta koti taratibu mpaka nikakaa.

MWANZA HADI TABORA

Mwanza niliagana na Bwana Kasamali. Nikapeleka simu ya nne: NAFIKA TABORA KESHO ASUBUHI KWA GARI LA MOSHI. Kisha nikapanda gari la moshi la jioni, daraja la tatu, furushi la ng'onda mapajani. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekaa mbele yangu alinusa, akacheka. "Hao samaki unawatoa Mwanza unawapeleka Tabora? Mbona hawanuki kama wa ziwani?"

"Wanatoka pwani," nikamwambia.

"Pwani kwa njia ya Mwanza! Umepotea, baba?"

Behewa zima likacheka, nami nikacheka kidogo, maana alikuwa na haki. Akanimegea kiazi kitamu. Nilikila mpaka mwisho. Tangu kichuri cha Dodoma sikuwa nimetia kitu kinywani.

NYUMBANI

Jumamosi asubuhi nilishuka Tabora. Luhende hakuwepo stesheni. Nikaenda posta, wakaniambia ameomba ruhusa. Nikapata baiskeli ya kuazima. Maili tisa za matope ziliniweka njiani hadi saa sita.

Niliona kwanza wanaume wawili wakirudi na majembe. Mmoja akapokea baiskeli, mwingine akapokea furushi.

Kabula alikuwa uani, kichwa wazi, nguo imefungwa kiunoni. Alinipa mkono kama mgeni. Baadaye, tulipokaa, alinisimulia, nami nakuandikia kama alivyosema.

Simu yangu ya kwanza ilipofika, mama alifurahi. Aliuliza saa nane ni wakati gani, wakamwonyesha kivuli kitakapofika. Jumatano akataka aogeshwe, apakwe mafuta, atolewe nje akae kitini atazame juu. Hakutaka kulala. Alikaa mpaka jua likashuka. Alhamisi ikaja simu nyingine, akataka tena aogeshwe, atolewe tena. Kabula alimkatalia, maana alikuwa akitetemeka kwa homa.

"Akaniambia, 'Mwanangu ni mwalimu, hawezi kukosea saa,'" Kabula alisema. "Nimwambie nini, kaka? Nikamtoa."

Ijumaa hakuweza tena kukaa. Walimlaza nje kwenye mkeka, chini ya upenu, kwa sababu ya manyunyu. Saa nne akasikia ngurumo. Akainua mkono. Akasema, "Amefika. Mwekeeni chakula." Kabula akasonga ugali na kukaanga kuku. Luhende, aliyekuwa ameleta simu ya Dodoma kwa baiskeli, akakimbia njiani kunipokea.

Saa sita mama aliuliza. Saa nane aliuliza. Alasiri aliuliza mara moja, kisha hakuuliza tena.

Nilimwuliza Kabula kwa nini hawakuningoja kuzika, ilhali nilipeleka simu kutoka Mwanza. Hakunijibu kwa hasira. Alikuwa amechoka.

"Simu tuliipata. Lakini ulikuwa umeshatupa saa ya kufika mara tatu kabla, kaka. Hatukujua tuamini ipi. Wazee wakasema tusimfanye mama angoje tena."

Wali na ng'onda vilipikwa jioni, wakala waombolezaji. Ule ugali wa Ijumaa ulikuwa bado umefunikwa ndani, hakuna aliyethubutu kuumwaga. Niliula mimi, mkavu kama ulivyokuwa.

Luhende aliniambia jambo moja nililomwomba aniambie. Lile gari la moshi la Jumatano lilifika Tabora Alhamisi usiku. Abiria waliolala stesheni walikuwa vijijini kwao Ijumaa mapema, kabla ndege haijasikika.

TEMEKE TENA

Nilirudi kwa gari la moshi. Siku ya pili Kondo alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani, kwa kuwa desturi inamruhusu, na msibani ndiko watani wanakotakiwa zaidi. Angeweza kudai koti. Alikaa mkekani, kofia mkononi, akanipa pole mara tatu kwa majina ya mama yangu ambayo sikujua kama anayajua.

Kisha nikamwambia, "Kondo, siku ile nilidhani unanitania."

"Najua."

"Mbona hukunishika mkono ukanivuta?"

"Ningekushika ungesema nakutania zaidi." Akaigeuza kofia. "Tena nami nina kosa. Nilikuwa nimeshakuzika asubuhi ile, saa sita nikataka uniamini. Lakini Mnyamwezi, ungeniambia tu, 'Kondo, weka utani pembeni, niambie kweli.' Ningeuweka. Mtani akiombwa hivyo hasemi uongo. Baba yako hakukufundisha?"

Alikuwa amenifundisha. Nilikuwa nafahamu tangu mtoto.

Nilipoingia darasani, hesabu ya saa tatu ilikuwa bado ubaoni. Mwalimu aliyenishikia vipindi alidhani naihitaji. Niliwaambia wanafunzi hesabu ni sahihi, na ni sahihi kweli, uzi haukudanganya. Unapima kutoka kiwanja hadi kiwanja. Mama yangu hakuwa kiwanjani. Baada ya hapo nikaifuta.

Basi nawe ukiitwa na mgonjwa, fanya hivi. Uliza ni chombo gani kinaondoka leo, upande hicho. Anayejua akikuambia shuka, naye ni mtani wako, mwambie aweke utani pembeni, kisha mwulize mara ya pili. Na ukienda posta kupeleka simu, usiandike siku wala saa. Andika NIMEONDOKA, uweke kalamu chini.